Maji maangavu si ushahidi kwamba mto ni mzima

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti lako tangu nikiwa mwalimu kijana, na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Taarifa yenu ya wiki iliyopita kuhusu bustani za mboga kando ya Mto Morogoro imenishinda kuinyamazia. Mwandishi wako aliwasifu vijana kwa kulima hadi ukingoni, na kwa upande wa riziki simpingi, lakini akahitimisha kwamba mto hauna tatizo kwa kuwa maji yake bado ni maangavu.

Kwa miaka 26 niliwapeleka wanafunzi wa darasa la tano kwenye vijito vinavyoteremka kutoka milima ya Uluguru, tukageuza mawe na kumwaga tulichokipata katika beseni jeupe. Chini ya jiwe moja lililo kivulini tulikuta vidudu vyenye mikia mitatu na matamvua ya kupumulia ubavuni, vingine vilivyojijengea vijumba vya changarawe, watoto wa kereng'ende, na kaa wa mtoni akijificha pembeni.

Mwezi uliopita nilimpeleka mjukuu wangu mahali pale pale. Kivuli hakipo tena. Nyanya na kabichi zimefika hadi majini. Jiwe la kwanza halikugeuka, maana lilikuwa limezama nusu katika tope lililoporomoka kutoka shambani. La pili nililing'oa kwa fimbo, na chini yake mlikuwa na mabuu mekundu ya usubi tu, ambayo huvumilia maji yenye hewa haba. Ng'ambo yetu kijana mmoja alikuwa akisuuza bomba la kupulizia dawa mtoni, povu jeupe likielea kuja tulikosimama. Kesho yake asubuhi tulikuta kaa saba juu ya mawe, miguu imekunjamana, wawili wakiwa bado wanatetemeka. Nilipomuuliza kijana yule, aliniamkia kwa adabu kisha akasema, "Mwalimu, dawa hii ni ya wadudu wa nyanya, si ya kaa." Aliamini alichokisema. Hakuna aliyewahi kumweleza kwamba kaa na wadudu wana undugu wa karibu, na kwamba sumu inayovuruga mishipa ya fahamu ya kiwavi humvuruga kaa vilevile. Niliwatia kaa watatu katika kopo nikawapeleka katika ofisi inayohusika. Mtumishi hakulifungua kopo. Tulikwenda mtoni, akachovya kipimo, akaniambia kiwango cha tindikali ni cha kawaida, akafunga daftari lake. Alipima maji ya saa ile, ilhali yaliyowaua kaa yalikuwa yameshapita kuelekea Mto Ngerengere. Viumbe wa chini ya mawe huishi humo kwa majuma na miezi, kwa hiyo wao ndio wanaobaki na alama ya kila kilichopita.

Kuna na jambo la mikaratusi. Watu wanaipanda kwenye chemchemi na kuuita uhifadhi, ilhali ni mti unaokunywa maji mengi, na majani yake magumu yenye mafuta huwapa shida wadudu wanaokatakata majani yaliyoanguka mtoni na kuyafanya chakula cha viumbe wengine. Ukingo unahitaji miti ya asili, hata kama hukua polepole.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoharibu mto ndani ya mita 60 kutoka kingoni. Siombi vijana wafukuzwe kwa mgambo; Uluguru tunakumbuka ghasia za mwaka 1955, wakulima walipolazimishwa kuchimba matuta. Naomba wapewe kwanza mashamba nje ya mita hizo na mfereji wa kuwafikishia maji.

Tena naomba kila shule iliyo kando ya mto ipewe beseni jeupe na chujio la wavu. Wanafunzi wageuze mawe 20 kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wahesabu aina za viumbe watakaowapata. Wataalamu wetu wanayo njia ya kuupima mto kwa viumbe hao, iitwayo TARISS, iliyotokana na ile ya Afrika Kusini. Waje wawafundishe walimu. Nawe, Mhariri, utupe nafasi ndogo kando ya utabiri wa hali ya hewa tuchapishe hesabu hizo. Mawe 20 ya kwanza nitayageuza mimi na mjukuu wangu, na hesabu yake nitakuletea kwa mkono.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro