Askari wasivuke mpaka kabla Bunge halijapiga kura

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wako aliyeandika kwamba SADC, yaani Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, kuondoa majeshi yake Kongo ni aibu, na kwamba Tanzania ingebaki hata peke yake na kuongeza askari. Ameandika kwa uchungu na simlaumu, maana watu wa Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, wameteseka vya kutosha. Ila nimeisoma barua yake mara mbili, na hakuna mahali anapouliza nani atalipa, nani ameridhia, na vijana wetu watarudi lini.

Mimi ni mfanyabiashara wa mahindi hapa soko la Kibaigwa, wilaya ya Kongwa. Wanunuzi wa kila namna nimewaona, na ninayemwogopa kuliko wote ni yule anayesema, "Mama, pakia kwanza, bei tutaongea njiani." Kwa huyo gari langu haliondoki. Sasa nikitazama jinsi majeshi yanavyopelekwa nje, si yetu tu bali karibu dunia nzima, naona ndivyo tunavyopakia.

Mwanangu wa mwisho anasoma sayansi ya siasa pale Chuo Kikuu cha Dodoma. Likizo iliyopita alikuja na makabrasha kuhusu watu wanaoitwa walibertari, wengi wao Wamarekani, tukabishana hadi usiku wa manane. Msimamo wao ni kwamba mtu ni mali yake mwenyewe na jasho lake ni lake, na Serikali haina ruhusa ya kumgusa isipokuwa kumlinda na anayemvamia. Kwa hiyo jeshi ni la kulinda mipaka basi. Kumng'oa dikteta wa mbali au kuweka kambi ng'ambo, kwao ni kumchukulia mlipakodi fedha kwa lazima na kuzitumia katika ugomvi ambao hakuuchagua. Badala yake wanataka biashara na kila taifa bila kufungamana na lolote, jambo ambalo Rais Jefferson wa Marekani alilisema tangu mwaka 1801. Mwaka 2002 mbunge mmoja wa Texas, Ron Paul, alikikatalia chama chake mwenyewe na kupiga kura ya kupinga vita ya Iraki. Vita ikapigwa, na silaha za maangamizi zilizotajwa kuwa sababu hazikuonekana. Si kwamba hao walibertari ni kitu kimoja. Wapo walioiunga mkono vita ile ile, na habari ya Ukraine imewagawa tena.

Nilitaka kuwapuuza. Watu wanaosema kodi ni wizi, halafu barabara ya lami ya Dodoma hadi Morogoro ingejengwa na nani? Lakini jambo lao moja sikuweza kulijibu, kwa sababu ushahidi wake upo hapa hapa kwetu. Wanasema mtu wa mbali, hata akiwa na nia njema na mfuko mnene, hawezi kuijua nchi ya wenzake kama wenyewe wanavyoijua.

Mwaka 1947 Waingereza walikuja Kongwa kulima karanga. Njaa ya mafuta ya kula ilikuwa kwao, ardhi ilikuwa yetu, na wakapanga kufyeka zaidi ya ekari milioni tatu, nyingi zikiwa za Tanganyika. Walileta hadi vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta. Wazee wetu Wagogo wangewaambia bure, bila mshahara wa mtaalamu, kwamba mvua ya hapa huahidi Desemba na kukuacha Februari, na kwamba udongo wa mfinyanzi ukishakauka jembe linarudi mkononi. Karanga ziling'ang'ania ardhini, vyuma vikakatika, na kufikia 1951 mpango ulikuwa umekufa pamoja na mamilioni ya pauni za walipakodi wa Uingereza. Hapakuwa na mtu mbaya katika habari ile. Sasa kama kupanda karanga kwa wenyewe kuliwashinda, kuwapandia wenyewe serikali ni rahisi kiasi gani? Iulizwe Libya baada ya 2011. NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, ilirusha ndege kwa miezi michache, Gaddafi akaondoka, na bunduki zake zikaenea hadi Mali.

Ninapoachana na walibertari pia ni hapa hapa Kongwa. Kuanzia 1964 kulikuwa na kambi ya wapigania uhuru: FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na wengine. Samora Machel, aliyekuja kuwa Rais wa Msumbiji, aliishi hapa. Mama yangu aliwauzia maziwa, na wakati mwingine aliwapa tu, akisema vijana hawa wana mama zao huko. Mlibertari wa kutoka vitabuni angetuambia ya Msumbiji tuwaachie wa Msumbiji. Mimi nasema hapana, aliyefungwa kamba na mkoloni akiomba pa kulala, mpe. Ila naomba msomaji mwenzangu aangalie tofauti. Wale walikuwa wanapigana vita yao wenyewe, kwa damu yao, katika nchi yao. Sisi tuliwapa ardhi, chakula na njia ya kupita. Hatukwenda Lourenço Marques, Maputo ya leo, kuwachagulia rais.

Uganda ndiko tulikokwenda zaidi ya hapo, na kaka yangu alikuwemo. Aliitwa na mgambo wenzake mwishoni mwa 1978, baada ya jeshi la Idi Amini, mtawala wa Uganda, kuingia Kagera na kulivunja daraja la Kyaka. Kupigana kumtoa Amini Kagera hakuna mlibertari hata mmoja atakayekupinga: kavamia, apigwe. Mjadala unaanza ng'ambo ya mpaka. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979, na kaka alikuwa akituambia kwamba watu wake walicheza ngoma barabarani. Alituambia pia habari za askari wa Libya ambao Gaddafi aliwatuma kumsaidia Amini. Aliona mmoja wao karibu na Lukaya, kijana mdogo, kakaa chini ya mgomba na buti moja mguuni, akionesha kwa vidole kwamba ana kiu. Kaka alimpa maji. Alikuwa akisema yule hakuwa na habari yuko nchi gani wala anapigana na nani. Huyo naye alikuwa askari aliyepelekwa nje na kiongozi wake kwa sababu nzito za kimataifa!

Kisha Lule, rais mpya wa Uganda, akakaa madarakani siku 68 tu. Akaja Binaisa, naye akaondolewa kabla ya mwaka. Ukafuata uchaguzi wa Desemba 1980 ambao walioshindwa waliukataa, na vita ya msituni iliyokwisha 1986. Askari wetu walibaki kule hadi 1981. Huku nyumbani tuliambiwa tufunge mkanda miezi 18, na sisi tuliokuwepo tunajua miezi ile ilikuwa mirefu kiasi gani. Nguo tulifulia majani ya mpapai, na ugali ulikuwa wa unga wa njano, yanga, wa msaada. Kaka yangu, aliyeingia Kampala na bunduki, nilimwona kwa macho yangu amepanga foleni ya kipande cha sabuni. Vita haikuwa sababu peke yake, mafuta yalipanda bei na sera zetu za wakati ule zilikuwa na lawama yake. Lakini bili ya vita ilikuwemo, na hakuna aliyewahi kuja kijijini kutusomea.

Kwa hiyo hoja yangu si kwamba askari wasitoke kamwe. Hoja yangu ni utaratibu. Katiba yetu, Ibara ya 44, inasema Rais akitangaza hali ya vita, nakala inakwenda kwa Spika na ndani ya siku 14 Bunge linakutana kuamua kama linaunga mkono. Safi kabisa. Lakini Ibara ya 148 inampa Amiri Jeshi Mkuu uwezo wa kuyaamuru majeshi yafanye kazi ndani au nje ya Tanzania, na safari za kulinda amani hazitangazwi kuwa vita. Basi zinapita mlango huo. Wakati huohuo risasi hazijui kama ni vita au ni amani. Desemba 7, 2017, askari wetu wasiopungua 14 waliuawa katika shambulio moja kule Semuliki, Kongo. Wakiwa chini ya Umoja wa Mataifa, angalau Serikali hurejeshewa zaidi ya dola 1,400 kwa mwezi kwa kila askari. Safari ya SADC, iliyoanza Desemba 2023, mzigo wake ulizielemea zaidi nchi zenyewe. Je, ni shilingi ngapi zilitoka kwetu?

Na undugu wa silaha ambao msomaji wako anausifu, hebu autazame vizuri. Kule Kongo tulisimama nchi tatu: Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Machi 2025 SADC ikaamua kuondoka. Aprili iliyofuata, Serikali yetu ikapiga marufuku mazao ya Afrika Kusini na Malawi, kwa kuwa wao walikuwa wamezuia ndizi, mchele na unga wetu. Marufuku iliondolewa baada ya siku chache, lakini hapa sokoni tulicheka kwa uchungu. Yaani tunaweza kufa pamoja msituni, ila kuuziana ndizi ndiyo imeshindikana? Mahindi ya Kibaigwa yanafika hadi nchi za jirani ambazo wanasiasa wetu hawasalimiani, na dereva hahitaji kulindwa na kifaru.

Ninachoomba Bunge, ambalo liko saa moja na ushee tu kutoka hapa nilipo, ni sheria fupi. Askari wakienda nje zaidi ya siku 60, Serikali ilete hoja bungeni na kusema ni wangapi, wako wapi, nani analipa na mwisho ni lini, kisha kila mbunge apige kura kwa jina lake. Siri za mapigano zibaki siri, hatuzitaki. Bajeti ya Wizara ya Ulinzi itakaposomwa, nitakuwa nimeshamwandikia mbunge wetu wa jimbo, na jibu lake, kama litakuja, nitakuletea ulichapishe.

Mama Ndahani,
Mfanyabiashara wa nafaka,
Kibaigwa, Dodoma.