Habari za tiba mpya ziandikwe pamoja na bei zake

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nitoe maoni kuhusu namna magazeti yetu, likiwamo hili lako, yanavyoandika habari za uvumbuzi wa tiba katika kipindi hiki cha kupanda kwa gharama za maisha. Mimi ni mtoa dawa katika famasi moja ya Majengo, hapa Dodoma, si mbali na soko. Kwa sababu ya mahali duka lilipo, mteja anayefika kaunta huwa amekwishapita kwa muuza unga na kwa muuza mafuta ya kula, na kiasi kilichobaki mkononi ndicho atakachonunulia dawa. Wapo wanaoziweka noti hizo juu ya kaunta kabla hata hawajataja wanachokitaka, ili nijue mapema mazungumzo yetu yanaishia wapi.

Watu hawa wanafuatilia habari. Asiyenunua gazeti husoma vichwa vya habari kwenye meza ya muuzaji, au hutumiwa picha ya ukurasa wa mbele kwenye simu na ndugu aliye mbali. Inapotoka habari ya dawa mpya, wananijia na maswali mawili yaleyale: itafika lini, na itauzwa bei gani? Nimewahi kumsikia mtu msomi akiyacheka maswali hayo, akidai kwamba wananchi hawana hamu ya sayansi bali wanajali fedha tu. Sikubaliani naye hata kidogo. Dawa isiyofika, au inayofika kwa bei isiyolipika, haimtibu mtu, na anayeuliza bei anauliza kwa maneno yake mwenyewe kama uvumbuzi huo unamhusu.

Nitoe mfano wa sindano ya kinga ya virusi vya UKIMWI iitwayo lenacapavir. Mwezi Juni 2024 ilitangazwa kwamba katika majaribio yaliyofanyika Afrika Kusini na Uganda, hakuna hata mmoja kati ya wanawake 2,134 waliodungwa sindano hiyo kila baada ya miezi sita aliyepata maambukizi. Ilikuwa habari kubwa na ilistahili ukurasa wa mbele. Hata hivyo, wateja wangu walikuja wakiulizia “chanjo ya UKIMWI”, na ilinibidi kueleza kwamba hiyo si chanjo wala si tiba ya aliyekwisha kuambukizwa, bali ni dawa ya kumkinga asiye na virusi, tena baada ya kupima kwanza. Swali lililofuata lilikuwa bei, na gazeti walilokuwa wamelisoma halikuligusia.

Bei ilipojulikana, ilikuwa habari kubwa kuliko ile ya kwanza. Marekani iliidhinisha sindano hiyo Juni 2025, na bei yake huko ikatajwa kuwa dola 28,218 kwa mtu mmoja kwa mwaka, kiasi kinachokaribia shilingi milioni 70. Miezi michache baadaye, Septemba 2025, yakatangazwa makubaliano ya kutengeneza dawa hiyohiyo kwa takriban dola 40 kwa mwaka, yaani kama shilingi laki moja, kwa ajili ya nchi 120 za kipato cha chini na cha kati kuanzia 2027. Msomaji alihitaji kuelezwa kwa nini dawa moja ina bei mbili zilizoachana kiasi hicho, nani anamiliki hataza (haki ya kisheria ya uvumbuzi huo), viwanda gani vimeruhusiwa kuitengeneza, na nani atalipa. Dawa za kufubaza virusi hutolewa bure nchini, kwa hiyo huenda mtumiaji asiulizwe hata senti. Lakini tangu Marekani iliposimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje Januari 2025, mwananchi ana haki ya kujua kama hiyo “bure” ina mlipaji wa uhakika. Katika magazeti niliyoyaona, habari ya bei ilikuwa aya moja katika kurasa za ndani.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni upungufu mdogo usio na madhara. Madhara yapo, na mimi huyaona. Alifika kwangu mama mmoja mwenye mtoto wa selimundu, akafungua pochi na kutoa kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne, ambacho alikuwa amekipigia mistari kwa kalamu. Habari hiyo ilihusu tiba ya kuhariri vinasaba iitwayo Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata. Kila neno lililokuwa pale lilikuwa la kweli. Alichotaka kujua yule mama ni kama aendelee kununua vidonge vya haidroksiyurea, vya kupunguza makali ya selimundu, kila mwezi, ambavyo vinaibana bajeti ya nyumba hasa tangu nauli na gesi zilipopanda, au avisitishe na kuweka fedha akiba kwa ajili ya hiyo tiba ya kumaliza tatizo. Gazeti halikumwambia kwamba tiba hiyo inauzwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja huko Marekani, fedha inayozidi shilingi bilioni 5. Wala kwamba mgonjwa hulazimika kulazwa kwa muda mrefu na kupewa dawa kali za kuondoa uloto wake, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kabla ya kurudishiwa seli zilizorekebishwa. Halikumwambia pia kwamba hapahapa Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa inapandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu pale anapopatikana ndugu anayelingana nao. Nilimwomba asisitishe vidonge na arudi kliniki akazungumze na daktari wake. Akakikunja tena kile kipande na kukirudisha kwenye pochi.

Hali hiyohiyo ipo kwa wagonjwa wa presha na kisukari, ambao unga ukipanda huanza kumeza kidonge siku moja na kuruka siku inayofuata. Mtu wa namna hiyo akisoma kwamba wanasayansi “wamegundua dawa ya kisukari”, bila kuambiwa kwamba majaribio yamefanyika kwa panya, anapata sababu ya kusubiri. Katika dawa kumi zinazofikia hatua ya kujaribiwa kwa binadamu, takriban moja tu ndiyo huidhinishwa, na zinazoishia kwa panya ni nyingi zaidi ya hizo. Sentensi moja yenye maelezo hayo haiwezi kuharibu habari.

Nashangaa kwa sababu magazeti haya haya huifanya kazi hiyo vizuri sana upande wa mafuta. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, inapotangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa, jedwali huchapishwa likiwa na miji yote, na madereva wa bajaji na bodaboda hulisoma kwa makini kuliko habari yoyote ya siasa. Hakuna mhariri anayeliona jedwali hilo kuwa la kuwashusha wasomaji hadhi. Basi na habari ya tiba iwe na kisanduku chake kidogo pembeni, kinachoeleza utafiti umefikia hatua gani, umefanyika kwa nani na wangapi, dawa imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa nchini, au bado, bei yake ni kiasi gani mahali inapouzwa, inalipiwa na bima ipi, na mgonjwa atumie nini kwa sasa wakati anasubiri. Hilo la mwisho ndilo ninaloliombea zaidi.

Lipo jambo jingine linaloniudhi kidogo, nalo ni kwamba sayansi inayotoka mbali hupewa herufi kubwa, huku sayansi iliyofanyika katika vijiji vyetu ikisahaulika. Ni wangapi wanaojua kwamba Wilaya ya Kongwa, hapa mkoani Dodoma, ni jina linalofahamika duniani kwa watafiti wa trakoma, yaani vikope? Utafiti uliofanyika huko na kuchapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba kuwanawisha watoto uso, kukiambatana na dawa ya macho, hupunguza trakoma kali. Kwa familia zinazochota maji mbali, kunawa uso ni gharama, na watafiti walilazimika kuwaonyesha wazazi kwamba maji kidogo tu yanatosha kusafisha nyuso za watoto wengi. Hapo suala la gharama ya nyumbani lilikuwa ndani ya utafiti wenyewe.

Mfano ulio karibu zaidi ni sumukuvu. Mwaka 2016, wananchi wa vijiji kadhaa vya mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Walioripotiwa kuugua walifikia 68, na 20 kati yao walifariki. Sumukuvu hutokana na kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga, hasa zinapopata ukame shambani na kisha kuhifadhiwa kabla hazijakauka vizuri, na haiondoki kwa kupikwa. Anayeila kwa wingi huugua ini ghafla, na anayeila kidogo kidogo kwa miaka anajiongezea hatari ya saratani ya ini.

Sasa tazama inavyokutana na bei. Mahindi yanapopanda, yale yaliyobadilika rangi hayatupwi. Huuzwa kwa bei ya chini, au huchanganywa na mazuri kabla ya kupelekwa mashineni. Karanga zilizosinyaa husagwa na kutiwa kwenye uji wa lishe wa watoto, ambamo hakuna anayeweza kuziona. Kuhusu dona, wataalamu wa lishe wanatushauri tuile kwa sababu ya virutubisho vyake, na kwa mahindi safi ushauri huo ni sahihi. Lakini sehemu kubwa ya sumukuvu hukaa kwenye ganda na kiini cha punje, hivyo kukoboa huipunguza sana, na kukoboa kunalipiwa na tena kunapunguza uzito wa unga. Mama mwenye debe moja la mahindi yasiyo mazuri anapima afya dhidi ya idadi ya milo, na sijaona gazeti lililomsaidia katika hesabu hiyo, ingawa nimesoma mara nyingi kuhusu faida za mafuta ya zeituni.

Mvua zetu huisha Aprili, na uvunaji hushika kasi kuanzia Mei. Ukurasa mmoja kabla ya hapo, unaoeleza namna ya kuchambua punje, kuanika juu ya turubai badala ya udongo, na kutumia mifuko isiyopitisha hewa kwa nafaka iliyokauka sawasawa, ukiambatana na bei za turubai na mifuko hiyo katika masoko ya Majengo, Kibaigwa na Kondoa, ungenunuliwa sana huku. Kwa upande wa Majengo, niko tayari kukusanya bei hizo na kuzituma ofisini kwenu mapema Aprili.

Mtoa dawa,
Majengo, Dodoma.