Muulize anataka nini

Ngamiani, Tanga
Jumapili, baada ya Isha

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi kama mchanga wa Raskazone. Huku wazima, Alhamdulillahi, ila nazi zimepanda bei na mvua haitaki kutuacha. Salamu ziishie hapo, maana najua unasubiri neno.

Ile sauti uliyonitumia Alhamisi usiku nimeisikiliza mara mbili. Ya kwanza nilikuwa nakuna nazi, nikaacha mbuzi na kifuu chake. Ulisema uliposikia ndoa ya binamu yako imevunjika, kabla hata hujatamka "masikini", kitu kilicheka ndani yako. Tena kilicheka kwa raha. Tangu siku hiyo hulali, unasema una moyo mchafu na swala zako haziendi popote. Nilipotaka kuirudia mara ya tatu nikakuta umeifuta. Umechelewa, somo.

Sikujibu kwa simu kwa makusudi. Kwa simu utaniambia "haya, tuyaache", nami nitayaacha. Karatasi huwezi kuikatiza.

Ngoja nianze na uchafu wangu mimi, ili tuwe sawa.

Wifi yangu unamjua, mke wa mdogo wangu. Mwezi wa Rajabu walihamia kwangu, nyumba yao inaezekwa upya. Binti ana adabu, anapika, anafua, hana neno na mtu. Ana jambo moja tu: adhuhuri ikishaswaliwa na vyombo vikishaoshwa, anatandika mkeka ukumbini, anajifunika kanga usoni, analala. Saa moja, si zaidi. Basi mimi nikimwona pale damu ilikuwa ikinichemka mpaka masikio yanapata moto. Nikaanza kugonga sufuria makusudi. Nikawa nafagia karibu na kichwa chake. Ijumaa moja tumezunguka sinia, watoto wapo, jirani yupo, nikatamka: "Wengine mama zao waliwazaa kwa ajili ya mkeka." Pakawa kimya. Wifi akanawa mikono, akaingia chumbani, na asubuhi akaenda kwao Pangani.

Mdogo wangu hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Dada, wewe mara ya mwisho ulilala mchana lini?"

Nikamjibu kwamba mimi silali mchana tangu nina miaka kumi na minne. Nilimjibu kwa kiburi, kama mtu anayetaja cheo chake. Halafu nikayasikia maneno yangu mwenyewe.

Lile kovu la mkononi mwa mdogo wangu umeliona mara nyingi, ila sijawahi kukwambia lilitoka wapi. Mama alipofariki nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Shangazi aliyekuja kutulea alikuwa akiwaambia wageni, "Huyu si mtoto, huyu ni mtu mzima," nami sifa ile niliivaa kama nguo ya Idi. Mchana mmoja nikasinzia kando ya jiko la mkaa, naye mdogo wangu, ndiyo kwanza anatambaa, akavuta birika. Alipona. Shangazi hakunipiga, na laiti angenipiga. Alinishika kidevu akasema taratibu, "Usingizi wako utamuua mtoto huyu."

Yule msichana mwenye usingizi nilimfungia nje siku hiyo hiyo. Nikabaki na mtu mzima. Miaka 27 watu wananisifia huyo mmoja, mwanamke wa shoka, hachoki, na mwenziwe yuko uani anagonga mlango. Sasa anakuja mke wa mtoto yule yule aliyeungua, anajinyoosha mbele yangu, analala bila hofu. Unaona?

Kumbuka ile ngoma ya pepo tuliyoichungulia kupitia uwazi wa makuti, wewe umepanda juu ya kinu. Yule mama amefunikwa shuka nyeupe, anatetemeka, moshi wa ubani umejaa ua mzima. Sisi tulidhani fundi atamtoa pepo kwa bakora. Hakumgusa. Alikaa chini mbele yake akamuuliza kwa adabu zote: unaitwa nani, umetoka wapi, unataka nini. Na pepo akajibu, kwa sauti nzito kuliko ya mwenye mwili. Anataka marashi. Anataka halua na kanga mpya. Na anataka mume aache kumtukana kiti chake mbele ya watu. Kiti ndiye yule mama. Tulicheka mpaka tukafukuzwa. Siku hizi nikilikumbuka sicheki, kwa sababu yule mama kwa kinywa chake mwenyewe asingethubutu kumwambia mumewe neno lile.

Sisemi twende tukapige ngoma (barua hii ikimfikia imamu wetu nitahama mtaa). Nalitaka lile swali tu.

Kuna tabibu wa nafsi, Mswisi, Carl Gustav Jung, aliyezaliwa 1875. Kitu hiki yeye alikiita kivuli: yote yaliyo ya mtu ambayo mwenyewe hataki kuyakubali kuwa ni yake, akayatupa nyuma ya mgongo. Si mabaya peke yake. Usingizi, kilio, hata kipaji, kama kwenu kilikatazwa, huenda huko huko. Na mtu akishakataa kukiona kwake, hukiona kwa wenziwe, tena kikubwa. Hilo wala halikuhitaji Mswisi, sisi tunajua nyani haoni kundule. Lakini huyu bwana nampenda kwa kisa kimoja. Novemba 1925 alishuka Mombasa, akapanda treni ya Nairobi kwa reli ile ya zamani, si hii ya SGR unayopanda wewe, kisha akaendelea mpaka Mlima Elgon, akawa anawauliza wazee wa huko ndoto zao. Mzee mmoja akamwambia ndoto zilikatika Waingereza walipofika, maana sasa DC, mkuu wa wilaya wa Kiingereza, ndiye anayejua kila kitu. Na mwenyewe je, aliota nini huku kwetu? Aliota kinyozi mweusi aliyewahi kumhudumia Marekani miaka mingi nyuma, ameshika chuma chekundu kwa moto, anataka kumfanya nywele za kipilipili! Akaamka na hofu yake, akaichukua ndoto ile kama onyo kwamba Afrika inataka kummeza. Nilicheka peke yangu jikoni. Mwalimu wa vivuli kalitupia bara zima kivuli chake, kisha kinapomjia usiku na chuma cha moto anakikimbia. Hata hivyo aliandika, hakuficha. Ndiyo maana nimemwamini kuliko wale wanaotufundisha utulivu wakiwa wamevaa mashuka meupe kwenye simu.

Sasa nilivyofanya mimi. Nilinunua kaunta buku, nikaificha chini ya magunia ya mchele. Mwaka 1986 kuna mwanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker, aliwapa wanafunzi wa chuo kazi ya kuandika jambo lililowaumiza kuliko yote maishani, dakika 15 kila jioni, siku nne mfululizo. Walipomaliza kuandika walijisikia vibaya zaidi. Lakini miezi iliyofuata walikwenda zahanati mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Nakutajia hilo la kujisikia vibaya ili lisikushtue. Mimi lilinishtua, nikaanza kuhisi nimejiloga.

Usiku wa kwanza niliandika matusi. Kurasa mbili za wifi, uvivu wake, visigino vyake, na namna anavyokoroma, wala hakoromi. Wa pili nikajikuta namwandikia shangazi, kalamu ikatoboa karatasi. Wa tatu nikamkalisha yule msichana wa miaka kumi na minne, nikamuuliza kama fundi: unataka nini? Nilikuwa na uhakika atasema usingizi. Mkono ukaandika: "Nataka mtu mwingine alishike birika."

Unajua nilichofanya? Nikaanza kumkaripia. Kwamba angekuwa macho mdogo wetu asingeungua, aache kutafuta visingizio. Maneno ya shangazi, neno kwa neno, kwa mwandiko wangu. Hapo ndipo nilipokwama, na nadhani na wewe hapo ndipo ulipo, kwa sababu kukifungulia mlango kitu ulichokifungia nje halafu ukakipokea kwa bakora, afadhali ungekiacha nje.

Aliyenikwamua ni mwanao. Nilijiuliza: angekuwa binti yako huyo, umri ule ule, kasinzia jikoni kando ya mkaa na mtoto wa watu anatambaa, ningemwambia nini? Nisingemwambia hata moja katika hayo. Ningeuliza wakubwa wako wapi. Somo, miaka 27 sikuwahi kuuliza wakubwa walikuwa wapi. Nililia mpaka adhana ya alfajiri, kilio cha kamasi, si kile cha kistaarabu.

Profesa mmoja wa Texas, Kristin Neff, alianza kuandika habari hizi mwaka 2003. Kwake, kujihurumia ni kuwa mpole kwa nafsi yako kama kwa rafiki, kukumbuka kwamba si wewe peke yako uliyeteleza, na kuyatazama maumivu bila kuyafukia wala kuyakuza. Ukiyasoma yanaonekana mepesi. Hilo la kati ndilo lililonifaa zaidi. Mimi nilijiona mchafu wa pekee duniani, na huo nao ni ujivuni.

Najua utasema huko ni kujidekeza, na sisi tumefundishwa madrasa kuihesabu nafsi. Sawa kabisa. Surat al-Qiyama Mwenyezi Mungu ameiapia nafsi yenye kujilaumu, kwa hiyo kujilaumu kuna heshima yake. Ila mimi sikuwa nikijilaumu. Nilikuwa najichukia, na kilichofurika nawamwagia wenzangu. Nilipokuwa najichukia sikuweza hata kumpigia wifi simu, aibu ilinikaba. Ilipopungua ndipo nikapanda gari la Pangani na doti ya kanga mkobani.

Usidhani tulikumbatiana. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Nimesikia, wifi." Basi. Wiki iliyofuata alirudi, na sasa mchana analala chumbani kwao, mlango ameufunga. Mkeka wa ukumbini upo umekunjwa pembeni, na sina wa kumlalamikia. Mimi mwenyewe nimejaribu kuulalia mara tatu. Dakika kumi nyingi, halafu naruka, nasikia birika.

Sasa chako wewe. Hicho kilichocheka, acha kukiuliza kama ni kichafu. Kipe kiti kikae, ukiulize kinataka nini na kimenyimwa tangu lini. Nina dhana yangu, maana harusi ya binamu yako nilikuwepo, niliona nani alikaa jikoni siku tatu na nani alikaa ukumbini. Lakini sikutajii, pepo hujitaja mwenyewe. Na binamu yako mpigie simu, hata kama bado hujui cheko lile lilitoka wapi. Ana haki ya pole yako.

Jambo moja nakukataza, nikitumia ukubwa wangu wa miezi miwili. Lile la nyumba ya mjomba, ulilonidokeza mara moja tu kisha ukabadilisha mazungumzo, usilifungue peke yako usiku na daftari. Hilo nenda nalo kwa mshauri nasaha, mtu aliyesomea, na milango ya Nairobi ni mingi. Ikiwa shida ni nauli au malipo, niambie bila kuzunguka. Ukitaka niwe nimekaa nje kwenye benchi siku ya kwanza, mpaka wa Horohoro si mbali, nitavuka.

Barua hii anakuletea kondakta, pamoja na ubuyu na dagaa. Ubuyu usimpe mwanao wote. Na unijibu kwa kalamu, si kwa sauti, ili nikikuta umefuta neno nijue lilikuwa wapi.

Ndimi,
Somo yako