Yah: Malalamiko kuhusu Hilux LN106 mliyoinyanyua inchi 2 na kuirudisha ikiwa hatari

Ndugu Meneja,

Salamu. Masharti ya udhamini wenu unayajua kuliko mimi, sitayarudia. Ankara ninayo: springi nne za kunyanyulia, shokapu nne ndefu, yubolti nane mpya za kubana springi kwenye ekseli, bushi mpya za macho ya springi, pini za shakeli (kiungo cha springi na chesisi) zenye nipo za kupigia grisi, mpira mrefu wa breki ya nyuma, na alaimenti ya magurudumu. Niliyoyakuta chini ya gari ni mengine.

Naanza na mpira wa breki, maana huo ndio unaoua watu. Nyuma kuna mpira mmoja tu, kutoka kwenye chesisi hadi kwenye ekseli. Mkishanyanyua chesisi milimita 50, mpira umeshapoteza ulegevu wake, na shokapu ndefu zinairuhusu ekseli ishuke zaidi kila gari linapoingia shimoni. Pigeni jeki kwenye chesisi, magurudumu ya nyuma yaning'inie, mtazame wenyewe. Mpira wa zamani, ambao mliuacha palepale, unakazika kama kamba ya kuanikia nguo kabla shokapu hazijafika mwisho. Yaani ekseli nzima, pamoja na difu na magurudumu mawili, inabebwa na mpira wa breki. Siku ukikatika, mafuta yanamwagika na breki za nyuma hazipo tena.

Hilo ndilo nililomwonyesha msimamizi wenu wa karakana, gari likiwa bado juu ya stendi. Aliubonyeza mpira kwa kidole gumba, akaniambia mbele ya vijana wake, "Mzee, kazi ya mpira ni kuvutika." Vijana wakacheka. Yeye akafuta kidole kwenye ankara yangu, akaenda zake kunywa chai.

Yubolti. Kila fundi anajua kuwa yubolti ikishakazwa huwa imevutika, na haifai kufungwa mara ya pili kwa sababu nati haishiki sawasawa. Zangu ni zilezile za zamani, mmezipaka rangi nyeusi. Ukikwangua kwa ukucha, kutu imo ndani ya nyuzi. Tena hata hizo hazikukazwa kwa kupokezana msalaba. Upande mmoja wa sahani inayobanwa na yubolti umelala kuliko mwingine. Upande wa kushoto nyuma, kichwa cha senta bolti, ile inayoshika majani ya springi pamoja, hakikuingia kwenye tundu lake pale ekseli inapokalia springi, ndiyo maana gari linakwenda upande upande. Nimepima kutoka jicho la mbele la springi hadi katikati ya ekseli, kushoto na kulia: vinapishana milimita 9. Alaimenti gani hiyo mliyonitoza? Nani alipima?

Bushi walau ni mpya, lakini mlizikaza gari likiwa hewani. Boliti za springi na shakeli hupachikwa zikiwa legelege, gari linashushwa chini, linatikiswa mpaka springi zikae, ndipo zinakazwa. Mkikaza magurudumu yakining'inia, gari likikaa chini mpira wa bushi unabaki umejipinda muda wote, na unachanika mapema. Mbili zimeshaanza kuchanika. Grisi kwenye nipo, hakuna hata tone.

Na vali ya breki inayopima mzigo? Kifimbo chake kinaunganisha chesisi na ekseli. Nyuma ikipanda, kifimbo kinashuka, vali inadhani bodi ni tupu na inapunguza mafuta yanayokwenda kwenye dramu za nyuma. Pakia saruji humo uteremke mlima: breki za mbele zinafanya kazi peke yake, zinachemka. Dawa yake ni kibano cha kuinua mguu wa kifimbo pale kwenye ekseli kwa kimo kilekile mlichonyanyua. Kazi ya nusu saa. Hakuna aliyeigusa.

Samahani, narudi kwenye lile la kidole, halinitoki. Nilikuwa nimeikunjua ankara makusudi, nimemwekea kidole changu kwenye mstari ulioandikwa "mpira mrefu wa breki, 1". Sikuomba msaada, sikuomba punguzo. Niliuliza uko wapi. Yeye akabonyeza ule wa zamani, ambao haukubonyea hata kidogo kwa jinsi ulivyokazika, akasema kazi ya mpira ni kuvutika, kisha akafuta grisi juu ya mstari uleule. Sasa bei yake haisomeki. Na kabla ya hapo, siku ya kulipa advansi, mtu huyohuyo ndiye aliyeniambia kwa kinywa chake kwamba bila mpira mrefu hafungi springi.

Nilikusudia kuomba mpira na yubolti tu. Baada ya kuyaandika haya yote, hapana. Nataka mpira mrefu, yubolti nane mpya, bushi zirudiwe, senta bolti ikae tunduni, vali ya breki irekebishwe, na alaimenti ifanyike kwa karatasi ya vipimo, fundi wangu akiwa amesimama hapo. Gari mlifuate kwa gari la kuvuta, kwa gharama yenu, siliendeshi barabarani. Pesa ya ufundi yote irudishwe. Na msimamizi aniombe radhi kwa maandishi, mbele ya vijana walewale.

Nawapa siku saba. Zikipita, sitaki tena mnigusie gari: nitadai pesa yote, vifaa na ufundi, na barua hii na picha zake zitakwenda Tume ya Ushindani kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Jambo jingine, mlinipa ankara, risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hamkunipa. TRA, wakusanya kodi, nao wana ofisi mji huu.

Wako,
Mwenye gari

Nakala: Tume ya Ushindani (bado haijatumwa)