Usimwachie Mungu tiketi yako

Shoga yangu Zuhura,

Salaam nyingi. Mimi mzima, watoto wazima, baridi tu ndiyo inatutafuna. Barua yako nimeisoma, na pale uliposema treni imekuchelewesha kazini wiki nzima nawe "umemwachia Mungu", nimesonya. Mungu ana mengi. Hilo ni lako na kampuni.

Uingereza hii, mwenzangu, treni ikichelewa unalipwa, na si hisani. Kwa kampuni nyingi, ukifika umechelewa dakika 15 unarudishiwa robo ya nauli ya safari hiyo ya upande mmoja. Dakika 30, nusu. Saa nzima, yote. Iwe mvua, iwe mitambo, iwe majani yameteleza kwenye reli (na hilo wanalitangaza bila haya), wewe dai tu. Una siku 28 tangu siku ya safari. Fomu iko mtandaoni, unaimaliza chai haijachemka. Wakikuuliza ulipwe vipi, sema pesa benki. Vocha waachie wenyewe.

Sasa sikia walivyonifanyia hawa wa kampuni ya treni ya huku kwetu, jina nalihifadhi. Treni ya jioni ilitukalisha nje ya stesheni, choo kimefungwa kwa utepe, spika inaomba radhi mpaka inakera. Tunaingia tu, ile ya pili niliyotakiwa kuunganisha ndiyo inaondoka, taa zake nyekundu naziona. Nikafika saa nzima baadaye. Nikadai. Jibu: treni yako ilichelewa dakika 14, hustahili chochote. Kumi na nne! Wengi huishia hapo, nao wanalijua hilo. Lakini hesabu si ya treni moja, ni ya safari nzima mpaka kituo kilichoandikwa kwenye tiketi. Ukikosa ya kuunganisha kwa sababu yao, ucheleweshaji wote ni wao. Nikawaandikia tena, na picha ya tiketi, na picha ya ubao wa stesheni niliyoipiga huku nimenuna. Wakalipa nauli yote, samahani hata moja hakuna.

Wangekataa tena ningewapeleka kwa Rail Ombudsman, msuluhishi wa malalamiko ya reli aliyepo tangu 2018. Hatozi kitu, na akikupa haki, kampuni haina pa kukimbilia.

Usiniambie ni vijisenti. Wewe ulikuwa hujaja, lakini kule kaskazini kampuni ya treni ya TransPennine Express walikuwa wakifuta treni usiku wa kuamkia safari, maana zilizofutwa mapema vile hazikuhesabiwa kwenye takwimu za kawaida. Kwenye karatasi mambo afadhali, kwenye jukwaa watu wamefurika. Abiria wakapiga kelele, mameya wakapiga kelele, mpaka Mei 2023 serikali ikaichukua. Northern, kampuni nyingine ya huko, walishachukuliwa tangu Machi 2020. Na sasa kuna sheria ya 2024 ya kuzirudisha huduma hizi serikalini kadiri mikataba inavyokwisha. South Western wakawa wa kwanza, Mei 2025. Mimi sijashangilia. Behewa lipakwe rangi gani, kama madereva hawatoshi utasubiri vilevile, na fomu utajaza vilevile.

Basi tiketi usitupe. Ipige picha, uandike treni uliyotakiwa kupanda na saa uliyoshuka, maana wanapima kufika, si kuondoka. Hata tiketi ya mwezi inadaiwa; wana namna yao ya kuigawanya kwa safari. Na za wiki iliyopita bado hazijapitwa na muda.

Jumapili nakuja, tujaze fomu pamoja. Uwe umeshazitoa tiketi zote mkobani, zile zilizokunjika pia. Dagaa nimepata, naja nao. Ugali juu yako.

Wako,
Mwanaidi