Kabla Hujalikata Jaketi Kuukuu: Barua kwa Fundi Rafiki Yangu

London

Ndugu yangu mpendwa,

Asalaam alaykum. Ama baada ya salamu, barua yako nimeipokea, na nimefurahi kusikia kwamba kazi ya makubadhi inakwenda vizuri na kwamba sasa umeongeza na mikoba. Umenieleza kuwa ngozi ya mikoba hiyo unaipata kwa kununua majaketi makuukuu ya mitumba pale soko la Kongowea, Mombasa, ukayafumua mishono na kuyakata vipande. Jambo hilo halijanitoka moyoni, na ndilo lililonifanya niketi nikuandikie kwa urefu, kwani wewe ni mtu wa ngozi na mimi, kama ujuavyo, ni mkusanyaji wa majaketi ya zamani ya waendesha pikipiki na mtafutaji wa asili zake. Sikuombi uache biashara yako. Mengi kati ya majaketi yanayotoka katika marobota ni ya mtindo wa miaka ya 1980 na 1990, yenye ngozi laini na nyembamba, na hayo ni halali yako kuyakata. Ninachokuomba ni kwamba kila jaketi zito ulichunguze kwanza, mahali ambapo muuzaji hana habari napo.

Anza na ngozi yenyewe, maana hapo wewe ndiye mwalimu. Majaketi mengi ya Marekani ya kabla ya miaka ya 1950 yalishonwa kwa ngozi ya farasi, nayo utaitambua kwa uzito wake, kwa ugumu wake ikiwa haijavaliwa sana, na kwa mng'ao unaozidi kadiri inavyosuguliwa. Sababu ya kutumiwa kwake ilikuwa wingi wake. Mwaka 1920 Marekani ilikuwa na farasi na nyumbu zaidi ya milioni 25, wengi wao wakivuta majembe na mikokoteni, na mnyama alipofikia mwisho wake ngozi iliuzwa kwa wadabaghaji. Ile ya matakoni, iliyo ngumu kupita zote, ilikwenda kwa washona viatu, na kiwanda cha Horween cha Chicago, kilichoanzishwa mwaka 1905, kingali kinaitengeneza hadi leo. Ile ya upande wa mbele ndiyo iliyofaa majaketi. Trekta zilipoenea, wanyama hao walipungua hadi kufikia takriban milioni 3 mwaka 1960, na washonaji wakahamia kwenye ngozi ya ng'ombe. Kwa hiyo ukishika ngozi ya farasi iliyozeeka, umeshika kazi ya enzi ambayo plau ilikuwa bado inavutwa na mnyama.

Kisha tazama ukingo uliokatwa, ndani ya mfuko au chini ya ukosi. Ukiona weusi uko juu tu, na ndani yake kuna hudhurungi ya chai ya rangi, hiyo ni ngozi ambayo wakusanyaji huitafuta mno, kwa sababu miaka inapoisugua, hudhurungi hujitokeza viwikoni na kandokando ya mishono kwa namna ambayo hakuna jaketi jingine litakaloifanana kabisa. Ukiona rangi ya kijivu iliyoingia samawati, jua kuwa ngozi hiyo imedabaghiwa kwa chumvi za kromu, njia ya haraka iliyoenea tangu mwisho wa karne ya 19, ilhali udabaghaji wa magome ya miti huchukua majuma au hata miezi. Wewe unajua kwamba pwani yetu iliuza nje magome ya mikoko kwa kazi hiyohiyo, na kwamba baadaye dawa ya kudabaghi iliyotolewa katika magome ya miwati ya Eldoret na Njombe ilisafirishwa kwa wadabaghaji wa ng'ambo. Nalitaja hili kwa kuwa watu wetu wengi hudhani hatuna uhusiano na bidhaa hizi isipokuwa kuzipokea zikiwa zimechakaa, nami siliafiki wazo hilo hata kidogo.

Umeniuliza pia umbo la majaketi haya lilitoka wapi. Lile jaketi lenye zipu ya mshazari kifuani, ukosi mpana, mkanda wenye bizimu na tepe za mabegani, ambalo kila mtu analijua kwa sura hata asipolijua kwa jina, lilizaliwa New York. Ndugu wawili, Irving na Jack Schott, walianza mwaka 1913 kwa kushona makoti ya mvua, na mwaka 1928 Irving akabuni jaketi la mwendesha pikipiki, akaliita Perfecto kwa jina la aina ya sigara nene aliyoipenda. Liliuzwa na wakala wa pikipiki za Harley-Davidson huko Long Island kwa dola 5.50. Mshazari ule wa zipu si urembo. Mwendeshaji akiinama mbele, vipande viwili vya ngozi hulaliana kifuani na kuuzuia upepo, na zipu haimchomi tumboni. Zipu ndogo za mikononi hupisha glavu kisha zikaibana mikono ya jaketi. Mfuko uliokatwa kwa pembe humwezesha kuingiza mkono bila kujinyoosha. Baada ya Schott walitokea wengine wengi, nami nawapenda hasa wawili: kampuni ya Joseph Buegeleisen ya Detroit, iliyouza kwa jina la Buco, na Ross Langlitz wa Portland, Oregon, ambaye alipoteza mguu katika ajali ya pikipiki akiwa kijana, na mwaka 1947 akaanzisha karakana ya kushona majaketi kwa vipimo vya mwili wa kila mteja. Jaketi la Langlitz hulioni likiwa na mkono mrefu kupita kiasi ila aliyelivaa alikuwa na mkono mrefu.

Sasa nije kwenye zipu, kwa kuwa mimi huanzia hapo kila ninapolishika jaketi nisilolijua. Kichwa cha zipu huwa na jina la mtengenezaji, na jina hilo hudumu hata lebo ikiwa imeng'olewa. Talon ndilo utakalolikuta zaidi katika majaketi ya Marekani. Kampuni hiyo ilikuwa Meadville, Pennsylvania, na mhandisi wake, Gideon Sundback, mzaliwa wa Sweden, ndiye aliyeukamilisha muundo wa zipu tunaoujua. Jina la Talon lilianza kutumika kwenye zipu mwaka 1928, ingawa kampuni yenyewe iliendelea kuitwa Hookless hadi mwaka 1937. Majina ya Conmar na Crown nayo ni ya Marekani ya katikati ya karne ya 20. Ukikuta Lightning, elekea Uingereza, kwani zipu hizo zilitengenezwa Birmingham. YKK ni ya Japani, ilianzishwa mwaka 1934, lakini ilifungua kampuni yake Marekani mwaka 1960 tu, kwa hiyo zipu hiyo ndani ya jaketi linalodaiwa kuwa la 1945 inahitaji maelezo. Hata hivyo usihukumu kwa zipu peke yake, maana ndiyo kitu cha kwanza kuharibika na kubadilishwa. Geuza jaketi uangalie matundu ya sindano pembeni mwa utepe wa zipu: tundu lililotobolewa kwenye ngozi halijifungi, na safu mbili za matundu ni ushahidi kwamba fundi wa pili alipita.

Kuhusu lebo, nina msimamo ambao wenzangu wengine huuona mkali. Mimi huiamini lebo mwisho kabisa, baada ya ngozi, zipu, uzi na bitana kukubaliana. Lebo ni kitambaa kidogo, huhamishwa kwa dakika chache kutoka jaketi bovu hadi jingine la bei rahisi, na thamani ikapanda papo hapo. Lakini ikiwa imeshonwa tangu mwanzo, husema mengi. Anwani iliyoandikwa kwa mtindo wa "New York 13, N.Y." haiwezi kuwa ya kabla ya 1943, mwaka ambao kanda za posta za miji mikubwa zilipewa namba, na kwa kawaida haivuki sana 1963, zilipoingia namba za tarakimu tano. Herufi RN zikifuatwa na namba zinakuonyesha kampuni iliyosajiliwa na tume ya biashara ya serikali ya Marekani, na mtu yeyote anaweza kuitafuta namba hiyo katika orodha ya tume. Namba za RN za mfululizo wa sasa zilianza mwaka 1959, zikifuata zile za WPL, yaani za bidhaa za sufu, zilizotolewa tangu 1941. Kumbuka tu kwamba namba hiyo hutaja kampuni ilisajiliwa lini na haitaji jaketi lilishonwa lini. Kampuni ya 1962 iliweza kuitumia namba yake miaka mingi baadaye, na wauzaji wengi hulificha jambo hili.

Kuna lebo nyingine ndogo ambayo mimi huitafuta kwa hamu kuliko zote, nayo hufichwa mara nyingi ndani ya mfuko: alama ya chama cha wafanyakazi. Amalgamated Clothing Workers of America kilianzishwa mwaka 1914 na kiliungana na chama kingine mwaka 1976, hivyo ukilikuta jina hilo unapata mpaka wa miaka. Lakini kwangu lina uzito kuliko tarehe. Majina ya wenye kampuni tunayo, yameandikwa kifuani na kwenye matangazo, ilhali wanawake na wanaume walioketi kwenye cherehani, wengi wao wahamiaji, hawakuandikwa popote. Alama ile ndiyo saini yao pekee iliyobaki, na nikiiona huhisi kwamba nimewafikia watu waliolishona jaketi, ambao ndio ninaowatafuta tangu mwanzo.

Acha nikupe mfano wa hapa London, kutokana na jaketi nililolinunua sokoni Portobello Road. Ni jeusi, la ngozi ya ng'ombe, bitana yake imechanika, na lebo yake imebaki nusu. Maneno yanayosomeka ni Great Portland Street na W.1, namba ya zamani ya kanda ya posta ya eneo hilo. Mtaa huo ndiko lilikokuwa duka la D. Lewis, kampuni iliyoanza mwaka 1892 na ambayo leo inajulikana kama Lewis Leathers, iliyotengeneza pia nguo za marubani kwa jina la Aviakit. Zipu zake ni Lightning, na umbo lake ni la jaketi walilolitoa mwaka 1956 na kuliita Bronx. Uzi niliuchoma kidogo nchani, kama ulivyonifundisha, ukawaka na kuacha jivu bila kuyeyuka, kwa maana hiyo ni pamba. Kifuani kulikuwa na beji ya 59 Club, na hapo ndipo nilipompata mvaaji. Klabu hiyo ilifunguliwa mwaka 1959 na kanisa moja la Hackney Wick kwa ajili ya vijana, na mwaka 1962 padri Bill Shergold, ambaye mwenyewe aliendesha pikipiki, akawakaribisha wale vijana wa majaketi meusi ambao magazeti yalikuwa yakiwaita wahuni. Kwa hiyo jaketi hili lilishonwa katikati ya London ya kabla ya namba mpya za posta, na mwenyewe alilivaa baada ya 1962 akiwa miongoni mwa watu waliopewa pa kuketi na kunywa chai kanisani. Jina lake silihitaji ili nimheshimu.

Jihadhari na kitu kimoja cha mwisho. Japani kuna mafundi wanaoyarudia majaketi haya kwa usahihi wa ajabu. The Real McCoy's, kwa mfano, hutengeneza yenye jina la Buco, na kazi yao ni ya hali ya juu sana, tena wao hawamdanganyi mtu. Anayedanganya ni yule anayelinunua, akalizeesha kwa msasa na jua, kisha akaliuza kama la 1950. Kwa jicho lako hilo halitakupita: uchakavu wa kweli hufuata mwili, hukaa kwenye mkunjo wa kiwiko, kwenye ukingo wa mfuko na pale shingo inapogusa ukosi, ilhali uchakavu wa msasa hukaa pale palipo rahisi kusugua.

Basi ukikutana na jaketi zito lenye jambo lolote kati ya haya, liweke kando, usilioshe wala kulianika juani, na usiliache ndani ya mfuko wa plastiki kwa unyevu wa Mombasa, kwani kuvu litaliingia upesi. Nipigie picha za kichwa cha zipu, lebo zote pamoja na za ndani ya mifuko, ukingo uliokatwa, na mgongo wote ukiwa umetandazwa. Nitakurudishia jibu kwa kila ninachokijua, na likiwa na thamani nitakutafutia mnunuzi wa haki huku, bei yote iwe yako.

Nami nina ombi langu kwako. Ile Bronx imefumuka kwapani, na ngozi ya pale imekauka kiasi kwamba naogopa sindano ya cherehani itaichana. Nataka kuishona kwa mkono kupitia matundu yaleyale ya zamani. Nijulishe nitumie uzi wa unene gani, niupake nta kiasi gani, na kama ngozi ilainishwe kwanza au baada ya mshono.

Wasalimie wazee na watoto wote nyumbani.

Wasalaam,
Rafiki yako wa daima