Mume wangu hataki tuhame kijijini, nami nimechoka kuomba lifti

Shangazi, pokea salamu zangu.

Mimi ni mzaliwa wa Lamu, nimeolewa na Mwingereza, na tunaishi kijijini huku Uingereza, kwenye vilima vya Cotswolds, upande wa Gloucestershire. Kila nikiweka picha WhatsApp, ndugu zangu huniambia nimeingia peponi. Siwalaumu. Nyumba za mawe ya manjano, kijito, mawaridi yamepanda hadi dirishani. Jua likitoka watalii humiminika, wakaegemea ukuta wetu kupigwa picha. Juzi mmoja alibandika uso kwenye kioo cha jikoni akanikuta nasonga ugali. Tukabaki tunatazamana.

Tatizo langu ni usafiri. Nafanya kazi ya kutunza wazee Moreton-in-Marsh, mji mdogo wenye soko kila Jumanne na stesheni ya treni ya London. Kwa gari si mbali, ila mimi nimekulia mji wa punda na mashua, usukani sijawahi kuushika. Mabasi ni ya kuhesabu, Jumapili hakuna kabisa, na zamu ya jioni inapoisha la mwisho limeshapita. Kutembea siwezi: barabara haina njia ya miguu wala taa, na Desemba saa kumi na moja jioni ni giza totoro. Basi mume wangu anipeleke, anirudishe. Nikitaka bizari, nimwombe. Nikitaka kumwona rafiki, nimwombe. Mwanamke mzima, Shangazi!

Yeye si mkorofi. Wikendi hunipeleka Chipping Campden, kwenye lile soko la matao lililojengwa 1627, akanieleza jinsi biashara ya sufu ilivyoitajirisha miji hii, nami husikiliza kwa raha. Nyumba aliachiwa na marehemu baba yake, na babu yake kazikwa kanisani hapo jirani. Imo kwenye orodha ya majengo ya kale, hivyo kubadilisha madirisha bila kibali cha halmashauri ni kosa la jinai. Hilo nalielewa, mji wetu wa kale nao ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001. Lakini Lamu nje ya nyumba kuna baraza, watu wanakaa wanapiga soga. Huku majirani wanakuamkia vizuri, kisha mlango unafungwa. Nyumba nyingine ni za watu wa London wanaokuja kupumzika tu, na Januari unaona taa dirisha moja moja.

Nilimwomba tuhamie Moreton. Sikutaja London wala Mombasa, ni Moreton hapo tu! Alinuna siku nzima, kisha akasema nadharau kwao. Mama mkwe anasema nijifunze gari mambo yaishe. Pengine ana haki, ingawa masomo ni ghali na kupata tarehe ya mtihani ni kungoja miezi. Lakini gari litanifikisha kazini. Upweke je?

Nianze masomo ninyamaze, au nishikilie tupange mjini, nyumba yake tuikodishe kwa watalii hao hao? Na nimwambie kwa maneno gani asione kwamba nawatupa wazee wake?

Mke wa Kijijini, Gloucestershire